Huria si Bure: Uhakiki wa Kigezo cha Gharama katika Uteuzi wa Mifumo ya Kusimamia Maudhui, kwa Kurejelea Bwera, Magharibi mwa Uganda

Ikisiri

Mjadala kuhusu kuchagua kati ya mifumo huria na mifumo ya kibiashara ya kusimamia maudhui ya tovuti za umma umejengwa, kwa sehemu kubwa, juu ya swali la bei ya leseni. Makala haya yanakihoji kigezo hicho kwa kuutazama mji wa Bwera, ulio mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako taarifa moja ya umma huhitajika katika lugha zaidi ya mbili. Hoja yake ni kwamba swali linalotangulia bei ni hili: nani ana haki na uwezo wa kuingiza lugha katika mfumo, kuirekebisha na kuhama nayo? Kwa kigezo hicho mfumo huria una nguvu zaidi, lakini kwa sharti ambalo watetezi wake huliacha nyuma.

Utangulizi

Bwera iko wilayani Kasese, chini ya safu ya Rwenzori, kilomita chache kutoka kituo cha mpakani cha Mpondwe. Mto Lhubiriha ndio mpaka, na ng'ambo yake ni Kasindi. Katika siku moja ya soko mkazi wa eneo hili aweza kutoka nyumbani akisema Lhukonzo, akapatana bei kwa Kiswahili, akajaza fomu ya forodha kwa Kiingereza, kisha akapokea risiti iliyoandikwa Kifaransa. Lhukonzo na Kinande kinachozungumzwa upande wa Kongo ni lugha zinazoelewana kwa kiasi kikubwa. Kiswahili cha Kivu nacho hukopa Kifaransa pale ambapo Kiswahili cha Kampala hukopa Kiingereza.

Hali hiyo ilipata uzito wa uhai na kifo mwezi Juni 2019. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ambao hadi kumalizika kwake Juni 2020 ulikuwa umewapata watu zaidi ya 3,400 na kuua zaidi ya 2,200, ulivuka mpaka. Mtoto wa miaka mitano aliyekuwa amesafiri na jamaa zake kutoka Kongo alifikishwa hospitali ya Kagando, akahamishiwa katika kitengo cha kutenga wagonjwa cha hospitali ya Bwera, na tarehe 11 Juni ikathibitika kuwa alikuwa na ugonjwa huo. Taarifa zilizohitajika siku hizo zilikuwa fupi na za wazi: dalili ni zipi, mgonjwa apelekwe wapi, maiti asiguswe na nani. Ugumu ulikuwa katika kuzisema kwa lugha ya kila msikilizaji, upesi, na kwa maneno yasiyogongana.

Ni kweli kwamba watu wengi wa Bwera hawakuzisoma taarifa hizo kwenye tovuti. Walizisikia redioni, kanisani, msikitini na kwa wahudumu wa afya wa vijiji. Hata hivyo, mtangazaji wa redio na mhudumu wa afya nao huhitaji mahali pa kuchukulia maneno. Tovuti ya taasisi ya umma katika mazingira ya namna hii hufanya kazi ya ghala kuliko kazi ya gazeti. Wachache huingia humo, lakini wakichukulia humo maneno yaliyo mabovu au yaliyo katika lugha moja tu, wengi watayapokea hivyo hivyo. Kwa hiyo mfumo unaoliendesha ghala hilo ni suala la sera ya lugha, ingawa nyaraka za ununuzi huutaja kama suala la fundi na mhasibu.

Neno linalopotosha

Watetezi wa programu huria duniani wamesumbuliwa kwa muda mrefu na neno moja la Kiingereza, "free", ambalo hubeba maana mbili: kuwa huru na kutolipiwa. Wamelazimika kuieleza tofauti hiyo tena na tena. Kiswahili hakina tatizo hilo. Kina huru na huria kwa upande mmoja, na bure kwa upande mwingine, na maneno haya hayachanganyiki hata kidogo kinywani mwa msemaji. Zaidi ya hayo, bure ya Kiswahili ina kivuli kizito, kwani kazi bure ni kazi isiyo na tija, na maneno ya bure ni maneno yasiyo na msingi.

Inashangaza basi kwamba mazungumzo ya Kiswahili kuhusu programu hizi yameipoteza faida waliyopewa na lugha yao. Mara nyingi mtu akiulizwa kwa nini taasisi ichague WordPress, Joomla au Drupal, jibu la kwanza huwa ni kwamba programu hizo ni za bure. Jibu hilo ni sahihi kwa upande wa leseni na halisemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya leseni. Programu zote tatu hutolewa kwa Leseni ya Umma ya GNU, ambayo inampa mtumiaji haki ya kuitumia programu, kuusoma msimbo wake, kuubadili, na kuwagawia wengine alichokibadili. Leseni hiyo haikatazi kuuza.

Hapa ndipo mgawanyo wenyewe wa "huria dhidi ya biashara" unapolegea. Dries Buytaert, aliyeitoa Drupal mwaka 2001, ni miongoni mwa walioanzisha kampuni ya Acquia mwaka 2007, na kampuni hiyo huuza huduma za Drupal. Automattic, iliyoanzishwa na Matt Mullenweg mwaka 2005, hupata fedha kutokana na WordPress. Polylang, programu-jalizi inayoiwezesha WordPress kubeba kurasa za lugha mbalimbali, ina toleo lisilolipiwa, ilhali WPML inayofanya kazi kama hiyo hulipiwa. Biashara imo ndani ya uhuria siku zote. Kinyume cha mfumo huria ni mfumo uliofungwa, yaani ule ambao msimbo wake ni siri ya mwenye mali na mabadiliko yake hutegemea ridhaa yake. Mshauri wa sera anayeandika "huria au biashara" katika waraka wake amekwisha kuwaelekeza wasomaji kwenye pochi, na swali la mamlaka limebaki nje ya mlango.

Jumla iliyobadilishwa tahajia

Kisa kimoja katika historia ya mifumo hii kinawahusu wasemaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 palikuwa na mfumo huria ulioitwa Mambo, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hulipokea kwa tabasamu. Haki za jina hilo zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Miro ya Australia. Agosti 2005 kundi kuu la waandaaji wa programu hiyo lilijitenga kwa sababu ya mgogoro kuhusu nani aiongoze: jumuiya iliyoiandika, au taasisi iliyoundwa chini ya mkono wa kampuni. Walipoondoka hawakuweza kulichukua jina, kwa kuwa lilikuwa mali ya wengine. Msimbo waliuchukua, kwa kuwa leseni iliwaruhusu. Mwezi uliofuata walitoa toleo lao la kwanza na kuliita Joomla, kutokana na neno la Kiswahili jumla, kwa maana ya wote kwa pamoja.

Kisa hiki kinafundisha zaidi ya jedwali lolote la kulinganisha bei. Laiti Mambo ingekuwa programu iliyofungwa, ugomvi ule ungeziacha maelfu ya tovuti zikimngojea mwenye mali aamue. Mfano wa upande wa pili upo. Mwaka 2018 Adobe ilitangaza kuwa itaifunga huduma yake ya Business Catalyst, na waliokuwa wamejenga tovuti zao humo walipaswa kutafuta pa kuhamia na kujenga upya. Adobe haikuvunja mkataba wowote kwa kufanya hivyo. Ilitumia haki iliyokuwa nayo tangu mwanzo, na wateja hawakuwa na haki inayolingana nayo.

Lakini kuna doa katika hadithi ya Joomla ambalo wapenzi wa Kiswahili hupita juu yake haraka. Neno jumla liliandikwa upya kwa tahajia ya Kiingereza ili msemaji wa Kiingereza alitamke vizuri. Kiswahili kilitoa jina, na jina likaja kwetu likiwa limevaa mavazi yasiyotambulika, kiasi kwamba wengi wanaoutumia mfumo huo Afrika Mashariki hawajui kuwa wanatumia neno lao. Lugha inayoazima jina tu haijaingia katika mfumo. Huingia pale inapokuwa na kiolesura, istilahi, msimbo wa utambulisho, na watu wanaoitunza.

Lugha huingiaje katika mfumo?

Swali hili lina ngazi mbili ambazo hazina budi kutenganishwa. Ngazi ya kwanza ni kiolesura, yaani maneno anayoyaona mtumishi anayepandisha taarifa: hifadhi, chapisha, futa, nenosiri. Ngazi ya pili ni maudhui yenyewe, yaani taarifa kwa umma na uwezo wa mfumo wa kuiunganisha taarifa ya Kiingereza na tafsiri zake, ili ya kwanza ikirekebishwa ijulikane kuwa nyingine zimepitwa na wakati.

Katika ngazi ya kiolesura, haki ya kutafsiri ilikwisha kuthibitika hapa kwetu zamani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye kiolesura cha Kiswahili, bila kuomba ruhusa ya mtu, kwa kuwa leseni ilikuwa imekwisha kuitoa. Si haki kusema kwamba upande wa kibiashara ulilala. Katikati ya muongo huo Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office, na kazi hiyo iliwafikia watumiaji wengi. Tofauti ya majaribio haya mawili haikuwa katika ubora wa istilahi, kwa maana pande zote mbili zilikuwa na maneno yaliyokaa vizuri na mengine yaliyokwaruza. Tofauti ilikuwa kwamba katika programu huria mwalimu wa Kasese aliyeona istilahi mbaya angeweza kuibadili na kuigawa programu iliyobadilishwa, ilhali katika programu iliyofungwa angeweza kuandika barua.

Angeweza, lakini je, alifanya? Hapa uhakiki haupaswi kuwa na upendeleo. Miradi ya kutafsiri programu huria hutegemea watu wa kujitolea na fedha za wafadhili, na fedha zikiisha tafsiri husimama huku programu ikiendelea na matoleo mapya. Baada ya miaka michache kiolesura huwa mseto, nusu Kiswahili na nusu Kiingereza, na mtumishi aliyechoshwa na mseto huo hurudi kwenye Kiingereza kitupu. Haki isiyotumiwa haimsaidii mtu aliye kaunta ya hospitali.

Ngazi ya maudhui ndiyo yenye uzito zaidi kwa Bwera. Drupal, tangu toleo la 8 la Novemba 2015, imeweka uwezo wa lugha nyingi katika kiini chake, na msimamizi huweza kuongeza lugha yoyote hata kama haimo katika orodha iliyoandaliwa. Joomla nayo ina uwezo wa lugha nyingi katika kiini. WordPress haina, inahitaji programu-jalizi. Tofauti hii, ambayo ni kubwa kuliko tofauti nyingi zinazojazwa katika majedwali ya zabuni, iko ndani ya kambi moja ya huria. Na haki itendeke: baadhi ya mifumo mikubwa ya kibiashara nayo humruhusu msimamizi kusajili lugha mpya. Mwenye kununua hapaswi kudhani kwamba neno huria limejibu swali la lugha kwa niaba yake.

Kila lugha katika mifumo hii hutambuliwa kwa msimbo wa herufi chache. Katika kiwango cha ISO 639-3, Lhukonzo ni koo, Kinande ni nnb, Kiswahili sanifu ni swh na Kiswahili cha Kongo ni swc. Misimbo ya kwanza miwili imefuata mpaka wa dola kuliko mpaka wa usikivu, na hilo ni jambo la wanaisimu kulijadili. Kwa mtumishi wa umma jambo la haraka ni lingine. Ukurasa wa Lhukonzo uliowekewa alama ya Kiingereza husomwa kwa matamshi ya Kiingereza na programu inayomsomea asiyeona. Mtambo wa kutafuta huuweka mahali pasipostahili, na kisahihisha tahajia huupiga mistari myekundu kuanzia juu hadi chini. Lugha yenyewe huandikwa Rukonzo, Lukonzo au Lhukonzo kutegemea mwandishi, kwa hiyo anayeitafuta kwa tahajia moja aweza kuikosa iliyoandikwa kwa nyingine. Hakuna kampuni iliyo mbali itakayolishughulikia jambo hili kwa ajili ya wilaya moja. Katika mfumo huria fundi wa Kasese aweza kulishughulikia kwa siku chache, ikiwa yupo, ikiwa ameajiriwa, na ikiwa aliyempa kazi anajua kuwa kazi hiyo ipo.

Gharama isiyoandikwa

Hayo masharti matatu ndiyo gharama ambayo neno bure huificha. Tarehe 15 Oktoba 2014 wasimamizi wa Drupal walitangaza udhaifu mkubwa wa kiusalama. Wiki mbili baadaye walitoa onyo kwamba tovuti yoyote ambayo haikurekebishwa ndani ya saa saba tangu tangazo lile ihesabiwe kuwa imevamiwa. Saa saba! Ofisi ambayo tovuti yake ilijengwa na mkandarasi aliyekwisha kulipwa na kuondoka haina mtu wa kuamka usiku huo. Tarehe 5 Januari 2025 toleo la 7 la mfumo huo huo lilifikia mwisho wa kuungwa mkono, na kuhama kutoka toleo la 7 kwenda matoleo ya baadaye si kusasisha tu, ni kazi ya kujenga upya. Muuzaji wa mfumo uliofungwa akisema kwamba katika mkataba wake kuna mtu wa kupigiwa simu, hasemi uongo.

Jibu kwa hoja hiyo halipatikani katika sifa za programu huria. Linapatikana katika namna Uganda ilivyoishughulikia programu huria nyingine. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliokuzwa Chuo Kikuu cha Oslo, ulianza kutumika nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010, na hospitali za wilaya, za mpakani zikiwemo, hupeleka takwimu zao humo. Umedumu kwa sababu nyuma yake kuna wataalamu wa humu nchini wanaoujua, wanaowafundisha watumishi, na wanaolipwa kwa kazi hiyo. Aliyelipwa hakuwa mwenye leseni, bali mwenye ujuzi, na ujuzi huo ulibaki Uganda. Fedha zilitumika, tena si kidogo. Makala haya hayaoni aibu katika hilo.

Tanzania imepita njia ya tatu inayostahili kutazamwa. Tovuti za mikoa na halmashauri zilizozinduliwa mwaka 2017 zilijengwa juu ya mfumo mmoja wa pamoja wa serikali, zikiwa na Kiswahili na Kiingereza tangu siku ya kwanza. Yako ya kukosoa katika tovuti hizo, hasa kurasa za Kiingereza zinazobaki tupu au zilizopitwa na wakati. Lakini uamuzi wa lugha ulifanywa mara moja, katikati, kabla ya halmashauri yoyote kumwita mkandarasi. Uganda haiwezi kuuiga mfano huo mzima mzima, kwa kuwa lugha zake za wilaya ni nyingi na Kiswahili hakina kule nafasi kilicho nayo Tanzania. Kinachoweza kuigwa ni mpangilio wa maamuzi, lugha ikitangulia na mkandarasi akifuata.

Waraka wa zabuni kama andiko la sera

Ibara ya 6 ya Katiba ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itumike katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi na kukifundisha kwa lazima shuleni. Mwezi huo huo Kongo ilikamilisha kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika ramani mpya ya Jumuiya, Mpondwe si ukingo tena. Iko ndani.

Hata hivyo, maazimio hayo hayashuki yenyewe mpaka kwenye ofisi ya halmashauri ya mji. Yanashuka kupitia nyaraka ndogo, na mojawapo ni waraka wa zabuni ya tovuti. Humo ndimo inapoamuliwa kama taarifa ya afya itakuwa na ukurasa wa Kiswahili uliounganishwa na wa Kiingereza, au faili la PDF lililobandikwa pembeni bila tarehe. Waraka wa namna hiyo kwa kawaida huuliza bei, muda wa kukamilisha kazi na uzoefu wa mzabuni. Kwa Bwera ungepaswa kumtaka mzabuni, awe analeta mfumo huria au uliofungwa, aonyeshe mbele ya wanunuzi, si kwa maandishi, jinsi anavyoongeza Lhukonzo na Kiswahili cha Kongo katika mfumo wake. Aonyeshe jinsi taarifa ya Kiingereza ikibadilishwa mfumo unavyomjulisha mfasiri. Kisha aitoe hifadhidata yote na kuifungua katika mfumo mwingine. Mzabuni mwenye mfumo uliofungwa anayeyaweza hayo asikataliwe kwa sababu ya itikadi, na mwenye mfumo huria asiyeyaweza asipewe kazi kwa sababu leseni yake haina bei.

Kifungu cha fedha nacho kingeandikwa upya. Kiasi ambacho kingelipwa kwa leseni kisihesabiwe kuwa akiba, bali kihamishiwe kwenye mistari miwili inayoonekana: mtu wa kuutunza mfumo mwaka mzima, na wafasiri wa Lhukonzo na Kiswahili wanaolipwa kwa ukurasa, siyo wanaoombwa kusaidia. Istilahi watakazozikubali, hasa za afya na forodha, ziwekwe katika faili la wazi ambalo redio za Kasese na ofisi za upande wa Kasindi zinaweza kulichukua bila kuomba. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoko Zanzibar, ina mamlaka ya kuyaratibu mafaili ya aina hiyo kutoka vituo vyote vya mpakani, na Mpondwe pangekuwa mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa maneno yanayohitajika huko yanajulikana tangu Juni 2019.